Je, wajua kwa nini filamu nyingi za Wuthering Heights zinaishia katikati ya kitabu?

Ukiangalia Wuthering Heights ya mwaka 1939, ile ya Laurence Olivier na Merle Oberon, Cathy anakufa, Heathcliff mpenzi wake anamlilia, muda si mrefu filamu imekwisha. Sasa fungua kitabu chenyewe cha Emily Brontë, kilichotoka 1847: Cathy anafariki sura ya 16 na kitabu kina sura 34! Zilizobaki zimeenda wapi?

Zimekatwa. Na sio hiyo peke yake, ya 1970 ya Timothy Dalton imeishia hukohuko, ya 2011 ya mwongozaji Andrea Arnold nayo hivyohivyo.

Kwa ambaye hajakisoma, kwa kifupi: Heathcliff ni mtoto aliyeokotwa mitaani Liverpool, akaletwa kulelewa shambani huko Yorkshire, akapendana na Cathy binti wa nyumba ile, ila kaka mtu, Hindley, baada ya mzee kufariki akamshusha mpaka akawa kibarua tu wa shamba, hata masomo akakatishwa. Cathy akaolewa na Edgar Linton, jirani mwenye hela. Heathcliff akapotea miaka mitatu, akarudi na pesa na kinyongo. Hapo ndo nusu ya kwanza.

Nusu ya pili ni watoto wao, na hapo watu wa filamu wanaanza kujikuna kichwa. Binti wa Cathy naye anaitwa Cathy. Mtoto wa Heathcliff jina lake la kwanza ni Linton, yani jina la ukoo wa adui yake. Msomaji akichanganyikiwa anarudi kurasa mbili nyuma, lakini aliyekaa ukumbini atarudi wapi? Halafu kuna suala la staa, umemlipa hela nyingi, sura yake iko kwenye kila bango, unamuua katikati halafu unawaletea watu vijana wapya waanze kuwazoea upya, nani atakubali. Na hadithi inasukuma mbele miaka kama 17 hivi, kwa hiyo wote waliobaki lazima wazeeshwe.

Ila mimi naona muda na majina ni visingizio vya nusu tu. Kinachokatwa hasa ni ubaya wa Heathcliff. Kwenye hizo sura za nyuma anamfungia binti wa Cathy ndani, anampiga makofi, anamlazimisha aolewe na mwanae aliye mgonjwa wa kufa, ili mali ya akina Linton imwangukie yeye. Hareton, mtoto wa Hindley, anamkuza bila kujua kusoma, yani kile alichofanyiwa yeye anakilipa kwa mtoto asiye na kosa, na anajua kabisa anachofanya. Ukiyatoa hayo unabaki na maskini aliyenyimwa mpenzi, mtazamaji anamuonea huruma na tiketi zinauzika. Ukiyaacha yabaki, mapenzi yanageuka kuwa kitu cha kuogopesha kidogo, na nadhani Emily alitaka tuogope.

Hata huo mwisho wa 1939 ulileta ugomvi. Mtayarishaji Samuel Goldwyn hakutaka filamu iishie kwenye maiti, akataka wapenzi waonekane wamekutana tena baada ya kufa. Mwongozaji William Wyler akagoma kuipiga sehemu hiyo, ikapigwa bila yeye, na kwa sababu waigizaji wenyewe hawakuwepo wakasimamishwa watu wengine badala yao. Ndo ile mizuka miwili unayoiona mwishoni inatembea zake.

Wapo waliojaribu kitabu kizima. Filamu ya 1992 ilimpa Juliette Binoche awe mama na binti yake pia, ujanja mzuri maana staa hafi moja kwa moja, na Ralph Fiennes, aliyeigiza Heathcliff, akimtazama yule binti unaelewa anamuona nani. Lakini kubana vizazi viwili kwenye filamu moja kunafanya mambo yakimbie mno. Tamthilia zina nafasi zaidi, BBC mwaka 1978 waliigawa sehemu tano, na ile ya 2009 ya Tom Hardy ina sehemu mbili na watoto wamo. Ukitaka kumjua Hareton, ambaye kwangu mimi ndo mtu bora kuliko wote mle ndani, anza na hizo, au kitabu chenyewe, sema uwe na karatasi pembeni ya kuchora nani mtoto wa nani.