Vumbi la mawe machimboni: maswali na majibu kuhusu kinga ambayo wachimbaji wataifuata kweli

Swali: Vumbi la mawe lina ubaya gani kuliko vumbi la barabarani?

Jibu: Mawe magumu yanayobeba dhahabu huwa na silika, yaani madini yanayopatikana pia kwenye mchanga, kwa wingi. Yanapotobolewa, kupasuliwa au kusagwa yakiwa makavu, hutoa chembechembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ambazo huelea hewani kwa muda mrefu baada ya lile vumbi linaloonekana kutulia, na zikivutwa hufika kwenye vifuko vya hewa vilivyo mwisho kabisa wa mapafu. Huko huacha makovu yanayoendelea kuongezeka hata baada ya mtu kuacha kazi. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Aliyenao huugua kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko watu wengine, na tangu mwaka 1997 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani umeiweka silika ya aina hii katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu.

Swali: Mbona wazee wengi wamechimba miaka mingi na bado wanatembea?

Jibu: Kwa kawaida ugonjwa hujitokeza baada ya miaka kumi au zaidi, na ndiyo sababu onyo halimwingii kijana wa miaka ishirini. Hata hivyo, vumbi likiwa zito mno, muda huo hufupika sana. Mwaka 1930 na 1931, katika handaki la Hawks Nest huko West Virginia, Marekani, mwamba wenye silika nyingi ulitobolewa bila maji, na mamia ya wafanyakazi, wengi wao wakiwa Wamarekani Weusi waliokwenda huko kutafuta kazi, walikufa ndani ya miaka michache. Isitoshe, wazee tunaowaona ni wale waliobaki. Waliougua walikwisha kurudi kwao, na kijana wa machimboni hana namna ya kuwahesabu.

Swali: Je, maziwa husafisha kifua?

Jibu: Hapana. Imani hii imeenea machimboni, viwandani na kwenye karakana za rangi, na wapo waajiri wanaogawa maziwa kila jioni kwa nia njema kabisa. Maziwa huingia tumboni, ilhali vumbi limo kwenye mapafu, na njia hizo mbili hazikutani. Maziwa ni chakula kizuri na hakuna haja ya kuwanyima watu. Ubaya wake ni kwamba mtu aliyekwisha kunywa hujiona amekingwa, na mwajiri aliyekwisha kununua hujiona ametimiza wajibu wake. Fedha hiyo ingenunua maji ya kumwagia mawe.

Swali: Kwa nini wachimbaji hawavai barakoa hata wakipewa?

Jibu: Kwa sababu zenye mantiki, ambazo mara nyingi wanaotoa mafunzo hawaziulizi. Ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, kuna joto, kazi ni nzito, na kupumua ndani ya barakoa ni shida. Kitambaa kinachofungwa usoni ni rahisi kuvumilika, lakini hakizuii chembechembe zile ndogo. Barakoa inayofaa ni ile ya kuchuja chembe, kama N95, nayo ni lazima ishike uso barabara, jambo lisilowezekana kwa mwenye ndevu nyingi. Kwa hiyo barakoa ni kinga ya mwisho, na kuanza nayo ni kumtwisha mchimbaji mzigo wote. Kinga ya kwanza ni maji: kutoboa kwa mashine inayopitisha maji, kulowesha mawe kabla ya kuyapasua, kuzungushia karasha, yaani mashine ya kusaga mawe, uzio au kuliweka upande ambao upepo hauwapelekei watu vumbi, na kuruhusu hewa izunguke kabla ya kurudi shimoni baada ya kulipua.

Swali: Maji ni ghali. Nani atakubali kuyatumia?

Jibu: Hapa ndipo penye kiini cha suala lote. Katika maduara mengi mchimbaji halipwi mshahara. Hupata mgawo wa mawe, na kila dakika anayotumia kulowesha anaiona ikipunguza mgawo wake. Ukimwambia aijali afya yake, ilhali gharama ya maji inatoka mfukoni mwake, atakusikiliza kwa adabu na kuendelea kama kawaida. Gharama ya maji ikitolewa pamoja na ya mafuta na chakula kabla ya kugawana, hakuna anayejiona amepoteza peke yake. Kisha msimamizi awe wa kwanza kulowesha, kwa maana mgeni hujifunza kazi kwa kuwatazama wakongwe, si kwa kusoma bango. Picha za mapafu yaliyoharibika huogofya kwa siku chache, na mtu aliyeogofywa bila kuonyeshwa la kufanya huepuka kulifikiria jambo lenyewe. Vilevile, anayesema kwamba leo maji yamekwisha na kazi isimame asiitwe mwoga wala asinyimwe zamu; akiadhibiwa mara moja tu, wenzake wote watanyamaza.

Swali: Sheria inasemaje?

Jibu: Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awapatie wafanyakazi vifaa vya kujikinga bila kuwatoza, na agharamie vipimo vyao vya afya. Mfanyakazi naye anatakiwa kuvitumia vifaa hivyo.

Swali: Mchimbaji mwenye kikohozi afanye nini?

Jibu: Kikohozi kikizidi wiki mbili, au mtu akipungua uzito, akitokwa na jasho usiku au akishindwa kupanda ngazi za shimo alizokuwa akizipanda, aende kituo cha afya na amweleze mhudumu waziwazi kwamba anafanya kazi kwenye vumbi la mawe, kwa miaka mingapi na kazi ipi. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali. Dawa za kifua kikuu haziondoi silikosisi, kwa hiyo aliyemaliza dozi na bado anabanwa pumzi aombe kupigwa picha ya kifua, na asirudi kwenye karasha kabla ya kuonana na daktari.