Angenipenda, Angejua

Doti ya kanga ililetwa ofisini kwangu ndani ya mfuko, imekunjwa vilevile ilivyotoka dukani, haijakatwa wala kupindwa. Mke akaitandaza juu ya makaratasi yangu, akaweka kidole kwenye jina: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO.

"Soma, mama," akaniambia. "Hayo ndiyo niliyoambiwa na mume wangu."

Mume aliinunua Kariakoo akitoka kazini. Siku hizo genge la mkewe lilikuwa limekata mtaji na nyumba nzima inakula mshahara wa mume. Basi mke aliposoma yale maandishi hakuona haja ya kuuliza. Ameitwa kupe, tena kwa kitambaa. Hakusema neno. Kwa wiki mbili mume akawa anarudi anakuta chakula mezani kimefunikwa kawa, mwenyewe ameshalala, au amejilaza.

"Mimi nilipenda rangi," mume akajitetea.

Nikamuuliza, jina je, ulilisoma?

"Jina lipi?"

Nimegeuza mambo mawili matatu ili wenyewe wasijulikane, ila kanga ni hiyohiyo. Mimi ni mshauri wa ndoa, na kabla ya kufungua ofisi yangu hapa Dar es Salaam nilikaa miaka sita kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa la kata. Sheria inataka shauri la talaka lipitie kwanza baraza kabla ya kwenda mahakamani, ukitoa sababu chache maalumu, kwa hiyo pale tulikuwa tunaletewa watu waliokwisha kuchoka. Nimesikia kila aina ya uongo kuhusu mapenzi. Kwa macho yangu, uliobomoa nyumba nyingi kupita hata michepuko ni huu: angenipenda, angejua.

Siuiti upumbavu. Mimi ni wa Tanga, nimechezwa, nina somo wangu, na yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kuna mambo mwanamke hayasemi kwa mdomo. Shanga nyekundu zikionekana, mume ajue mke yuko mwezini. Kanga ya jina fulani ikivaliwa siku fulani, jirani ajue kaambiwa yeye. Lugha ile ilikuwa na kazi yake, na ilieleweka, kwa sababu mwanamume naye alikuwa amefunzwa upande wake na wakubwa zake. Leo binti wa Pangani anaolewa na kijana wa Mbeya waliyekutana chuoni Dodoma. Binti anaandika barua kila siku. Mwenzake hajui hata kama hicho kitu ni barua. Na kwenye kanga ile ya Kariakoo, mke alikuwa anasoma barua ambayo hakuna aliyeiandika.

Kuna jaribio moja ninalopenda kuwasimulia wateja. Mwaka 2011 wanasaikolojia wa Marekani, akiwemo Kenneth Savitsky na Boaz Keysar, walichapisha utafiti ambamo watu walisikilizishwa sentensi zenye utata, wakatakiwa kukisia msemaji ana maana gani. Fikiria sentensi kama "leo umechelewa": yaweza kuwa lawama, yaweza kuwa pole, yaweza kuwa swali tupu. Wanandoa hawakuelewana vizuri zaidi ya watu wasiojuana kabisa. Kilichozidi kwao ni uhakika tu: walijiona wanaelewana mno. Mgeni humuuliza mgeni mwenzake, "una maana gani?" Mtu na mkewe hawaulizani, wanajibu papo hapo lile walilolisikia kichwani.

Na si kila mara mwenye moyo wenyewe anajua unamdundia nini. Mwaka 1974 Donald Dutton na Arthur Aron walimweka dada mmoja kwenye daraja la kuning'inia la Capilano, karibu na Vancouver nchini Kanada, daraja linaloyumba juu ya bonde refu. Aliwahoji wanaume waliokuwa wanavuka, kisha akawaachia namba ya simu. Kati ya 18 walioipokea, 9 walimpigia. Kwenye daraja jingine, imara na la chini, walioipokea walikuwa 16 na waliopiga ni 2. Woga wa daraja uligeuka kuwa dada mzuri. Ukishajua hilo, utamdai vipi mwenzio ajue yaliyomo moyoni mwako?

Watu wananiuliza sana kuhusu pesa, hasa vijana wa kiume, wakitaka niwaambie kwamba mabinti wa siku hizi hawana mapenzi. Nawasikitisha. Chukua hili la kutuma "na ya kutolea". Umemtumia mtu elfu ishirini, ukaongeza na ya kukatwa kwa wakala. Wengi wanaliona ni tamaa ya mpokeaji. Mimi naona tofauti. Aliyeongeza ile ya kutolea amemwona mwenzake kichwani, amesimama dirishani kwa wakala, anahesabiwa pungufu. Lakini binti asipotumiwa ya kutolea halafu akanuna siku tatu bila kusema ananunia nini, tumerudi kulekule kwenye kanga.

Uongo wa pili, mdogo wake huo, ni kwamba wanaopendana hawagombani, au wakigombana wanamaliza. John Gottman, aliyechunguza wanandoa kwa miongo mingi katika Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, aliona kwamba karibu asilimia 69 ya migogoro ya wanandoa haiishi. Mama mkwe ni yuleyule, mmoja anapenda kuchelewa na mwingine anapenda kuwahi, ndugu wa Singida wanakuja likizo kila Desemba. Wanaodumu hugombania hayohayo miaka thelathini, pengine kwa utani. Gottman anasema kinachoua zaidi ni dharau, na aliitambua kwenye nyuso, kwenye macho yanayopandishwa juu. Huku kwetu sihitaji kamera. Mimi husikiliza msonyo. Wakikaa mbele yangu wakatupiana maneno hata ya kuumizana, natulia. Mmoja akisonya wakati mwenzake anaongea, au akabetua mdomo akatazama dirishani, naweka kalamu chini.

Sasa nije kwenye jambo ambalo haipiti wiki halijaingia ofisini: miaka miwili. Mtaani inasemwa kwamba ukikaa na mtu miaka miwili, tayari ni ndoa. Sivyo ilivyoandikwa. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika hali iliyowafanya wajulikane kuwa ni mume na mke, itachukuliwa kwamba wameoana. Na dhana hiyo inaweza kukanushwa kwa ushahidi. Hayo ya "kujulikana" ndiyo mtaa unayoyasahau. Kalenda peke yake haimwozi mtu. Kwa upande wa pili, dhana ikishakanushwa mwanamke hatoki hivihivi, maana mahakama bado inaweza kuamuru matunzo yake na ya watoto.

Walikuja kijana na binti wa Mbagala, chumba kimoja, mwaka mmoja na miezi kumi. Wote wawili walikuwa wanahesabu. Binti alihesabu kwa hofu, akiamini mwenzake atamtoa kabla miaka miwili haijatimia. Kijana alihesabu kwa raha zake: ikitimia, aliniambia, sheria imeshatuoanisha, mahari ya nini tena? Chumba kimoja, kalenda moja ukutani, na hakuna aliyemwambia mwenzake anahesabu nini.

Niliwasomea kifungu. Kisha nikamwambia binti amuulize kijana swali lake mwenyewe, mimi nipo. Alichukua muda. Alifungua kibegi, akakifunga.

"Mimi ni nani wako?"

Kijana alishangaa kweli. Hakuwa anaigiza, nimeshaona wengi wanaoigiza.

"Si ulikuja kwetu msibani? Si ulipika na wake za kaka zangu? Shangazi si alikuita mke wangu, mimi nimesimama palepale?"

"Shangazi ndiyo," binti akasema. "Wewe ulikuwa unaongea na simu."