Tiba ya Tabia Kupitia Mzazi Haimaanishi Mzazi Ana Makosa

Katika vikao vya wazazi wa chekechea hapa Mombasa, tiba ya tabia kupitia mzazi inatajwa mara kwa mara, na karibu kila inapotajwa yupo atakayesema kwamba basi anayepaswa kutibiwa ni mama, kwa kuwa ameshindwa kulea. Kauli hiyo inaumiza watu wasiostahili kuumizwa, na isitoshe si kweli.

Kwa ufupi, ni tiba ambayo mtaalamu humzoeza mzazi au mlezi namna ya kuitikia tabia za mtoto mdogo, aghalabu wa miaka 2 hadi 7, ambaye hasira zake, ukaidi wake au kupiga wenzake kumepita kiasi cha umri wake.

Sababu ya kumpitia mzazi ilielezwa vizuri na mwanasaikolojia Gerald Patterson wa Oregon, Marekani, aliyetumia miaka mingi kuchunguza yanayopita baina ya wazazi na watoto majumbani. Mtoto yuko dukani Majengo, anataka biskuti. Mama anakataa, mtoto analia, kisha anajitupa chini na kugaagaa mlangoni huku wateja wakitazama, hadi mama anasalimu amri na kuinunua. Mtoto amejifunza kwamba kilio kinalipa. Mama naye, bila kujua, amejifunza kwamba akitoa, kelele zinakoma. Kila mmoja amepata nafuu yake, na ndiyo maana kesho wataanzia pale walipoishia leo. Mtego huu unawanasa wawili kwa pamoja, na kumwita mmoja wao mkosaji ni kutouelewa kabisa.

Wapo pia watoto waliozaliwa wepesi wa kuchemka, au wenye tatizo la kushindwa kutulia na kumakinika, ambao hunaswa upesi kuliko ndugu zao waliolelewa na mama yule yule katika nyumba ile ile. Tatizo hilo la utulivu halisababishwi na malezi mabaya, na hata hivyo mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2019 unapendekeza mafunzo ya wazazi yawe tiba ya kwanza, kabla ya dawa, kwa wenye tatizo hilo walio na miaka 4 hadi 6. Anayeshika tiba si lazima awe ndiye chanzo cha ugonjwa.

Wala hii si semina. Katika utaratibu ulioasisiwa na mwanasaikolojia Sheila Eyberg miaka ya 1970, mzazi hucheza na mtoto wake chumbani huku mtaalamu akiwatazama kupitia kioo na kumwelekeza papo hapo kwa kifaa cha sikioni. Hatua ya kwanza ni kuufuata mchezo wa mtoto, jambo ambalo mzazi hulirudia nyumbani kwa dakika 5 kila siku, na kutaja jema linapotendeka: "Umemngoja mdogo wako amalize kunywa, vizuri sana." Hatua ya pili ni kutoa agizo moja lililo wazi, "Weka kikombe mezani", badala ya "Hebu tulia wewe", na kulisimamia bila kupiga wala kupiga kelele.

Kwetu, ambako mtoto hushinda kwa bibi, akapokewa na shangazi na kulazwa na dada wa kazi, mlezi ni yeyote anayeitikia kilio hicho, na bibi anayetoa biskuti mama akipa kisogo anahitaji kuelezwa mapema, kwa heshima yake.

Kwa hiyo mama akirudi kutoka kliniki na kusema wanamtaka aje yeye pamoja na mtoto, tafadhali tusimuulize amekosea wapi. Tumuulize ni siku gani, na nani atabaki na wale wengine.