Wosia wa George Washington na watumwa wa Mount Vernon

Husemwa mara kwa mara kwamba George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, aliwaacha huru watumwa wake wote wa Mount Vernon, shamba lake kubwa, alipofariki mwaka 1799. Lakini wosia wake, ambao kwa haki ulikuwa hatua kubwa, ulimpa uhuru wa papo hapo mtu mmoja tu, William Lee. Wengine zaidi ya 120 waliachiwa Januari 1801 na mjane wake Martha, huku wale wa mirathi ya mume wake wa kwanza, zaidi ya 150, wakibaki utumwani. Inasikitisha zaidi kwamba, alipokuwa rais akiishi Philadelphia, katika jimbo la Pennsylvania, Washington aliwatoa watumwa jimboni humo kwa zamu ili wasitimize miezi sita ya kukaa huko, ambayo ingewapa haki ya kudai uhuru, na mtumwa Ona Judge alipotoroka mwaka 1796, Washington alimsaka hadi mwaka wa kifo chake mwenyewe.