Pasaka na yale tunayodanganyana kila mwaka

Ikikaribia tu Wiki Takatifu magrupu ya WhatsApp yanajaa meseji za Pasaka, zingine nzuri zingine uzushi mtupu, na cha ajabu uzushi mwingi hautoki kwa wapinga dini, unatoka kwetu sisi tunaokaa mabenchi ya mbele. Naanza na ile ninayoisikia sana.

"Wokovu ulimalizika Ijumaa Kuu, Jumapili ni shangwe tu"

Watu wanasema si Yesu mwenyewe alisema "imekwisha" pale msalabani, sasa Jumapili inaongeza nini? Na ukiangalia tunavyoishi ni kama tunaamini hivo kweli, Njia ya Msalaba watu wanatembea juani mpaka wanalia, alafu Jumapili ibada inaenda mbio kwasababu kuna pilau nyumbani. Lakini Paulo kwenye Warumi 4:25 ameviweka vyote viwili kwenye sentensi moja, kwamba Yesu alitolewa kwa ajili ya makosa yetu na kufufuliwa ili tuhesabiwe haki. Huwezi kukata nusu ukaacha nusu. Na akiwaandikia Wakorintho anakuwa mkali zaidi, anawaambia kama Kristo hakufufuka basi imani yenu ni bure na bado mko kwenye dhambi zenu. Ona vizuri hapo, hajasema "mtakosa furaha" au "mtakosa sikukuu", amesema dhambi bado zipo! Maana Warumi walisulubisha watu wengi sana, kusulubiwa peke yake hakukuwa kitu cha kipekee. Kilichoonyesha kwamba kifo cha huyu ni sadaka iliyopokelewa ni kwamba Mungu alimfufua, na kama angebaki kaburini tungekuwa na mtu mwema aliyeonewa, basi.

"Alifufuka kama Lazaro alivyofufuka"

Hapana jamani. Lazaro alirudi kwenye maisha yaleyale ya njaa na kuumwa, na baadae akafa tena, vilevile binti wa Yairo na yule kijana wa Naini. Kwa Yesu Biblia inasema hafi tena, mauti haimtawali tena (Warumi 6:9). Yaani hakurudi nyuma, alipita akatokea upande wa pili. Ndo maana Paulo anamwita limbuko lao waliolala, na mtu yeyote aliyekulia kijijini analielewa hili bila mchungaji kumfafanulia, ukiona mahindi ya kwanza yamekomaa unajua shamba lina mavuno na mengine yako njiani. Kwa Wayahudi mganda wa malimbuko ulipelekwa mbele za Bwana siku inayofuata Sabato, ipo Walawi 23, na kaburi lilikutwa tupu siku hiyohiyo ya baada ya Sabato. Paulo alikuwa anajua anachokisema.

"Ni roho yake tu iliyofufuka"

Hii ina ndugu yake anayeishi misibani kwetu. Mtu anafariki, tunasema roho imeenda mbinguni, mwili ni ganda tu, na tunafikiri wokovu wote ndo huo, roho kutoka kwenye mwili ikapumzike juu. Sasa ukisoma Luka 24 wanafunzi nao walidhani wanaona roho, wakaogopa, Yesu akawaambia wamshike maana roho haina mwili na mifupa, alafu akaomba chakula wakampa samaki wa kuokwa akala mbele yao. Na kwenye Kanuni ya Imani ya Mitume Wakatoliki tunasali "ufufuko wa miili, uzima wa milele" kwa mkupuo mmoja bila kusikiliza tunachosema. Imani ya Kikristo haijawahi kusema mwili ni takataka ya kutupwa, inasema mwili huohuo uliozikwa utafufuliwa na kubadilishwa, mpaka leo mwanateolojia gani anaelewa utabadilishwaje sijui, Paulo mwenyewe alijaribu akaishia kuongelea mbegu inayozikwa na mmea unaotoka. Kwangu mimi hili ndo linalofanya Pasaka iwe neno la kumwambia mfiwa, sio kumwambia tu "pole, yuko mahali pazuri".

"Ni hadithi iliyotungwa mamia ya miaka baadae"

Barua ya kwanza kwa Wakorintho iliandikwa kama mwaka 55 hivi, Yesu alisulubiwa kati ya mwaka 30 na 33, kwahiyo ni kama miaka 20 na kidogo tu. Na Paulo anasema habari hii na yeye aliipokea, hajaianzisha, alafu anataja mashahidi, Kefa (ndo Petro), wale Thenashara yaani mitume kumi na wawili, ndugu zaidi ya 500 kwa mara moja na wengi wao bado wako hai. Ni kama anawaambia nendeni mkaulize.

Ila hoja ninayoipenda mimi ni ya wale wanawake. Injili zote nne zinasema waliofika kaburini kwanza ni wanawake, Mariamu Magdalena akiwemo, na wakati ule ushahidi wa mwanamke haukuwa na uzito, Josephus mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne hiyohiyo ya kwanza anaandika kabisa kwamba usipokelewe. Sasa mtu anayetunga uongo ili aaminike anaanzaje na mashahidi ambao hakuna atakayewasikiliza? Luka hata hafichi kwamba mitume wenyewe waliona maneno yao ni upuuzi. Hii haithibitishi ufufuko kama hesabu, imani inabaki kuwa imani, lakini hadithi ya kutunga ingepangwa vizuri zaidi ya hapo.

"Pasaka ni sikukuu ya kipagani ya mungu mke Ishtar"

Ile picha ya Ishtar na mayai inazunguka kila mwaka! Inategemea jina la Kiingereza, Easter, kufanana kidogo na la mungu wa Babeli, na hata hilo jina halikutoka huko. Waliokuwa wanaadhimisha Pasaka mwanzoni hawakuwa Waingereza. Kama mwaka 155 Polikarpo askofu wa Smirna, mji ulioko Uturuki ya leo, alisafiri mpaka Roma kuongea na Askofu Aniseto kuhusu tarehe, huko Asia walikuwa wanafuata tarehe 14 ya Nisani, mwezi wa kalenda ya Kiyahudi, pamoja na Wayahudi na Roma walishika Jumapili. Hawakukubaliana na wakaachana kwa amani. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325 ndo uliamua wote washike Jumapili moja, sio kwamba ndo ulianzisha Pasaka. Mzizi wake ni Kutoka 12, damu ya mwanakondoo kwenye miimo ya milango, na Paulo anasema wazi Pasaka wetu ni Kristo. Mayai ni kwasababu Ulaya ya zamani hawakula mayai Kwaresima yote, yakajaa. Sungura ni mambo ya Wajerumani, msimsumbue.

"Nimefunga siku 40 kwahiyo nimelipa"

Fupi tu, Waefeso 2:8-9, tumeokolewa kwa neema, sio kwa matendo mtu asije akajisifu. Mfungo unakuandaa, haununui kitu.

"Ijumaa mpaka Jumapili sio siku tatu"

Kwa saa zetu sio, kweli. Ila Wayahudi kipande cha siku walikihesabu kama siku. Soma Esta 4:16, Malkia Esta anasema wafunge siku tatu usiku na mchana, alafu sura ya 5 inaanza na siku ya tatu na yeye tayari yuko mbele ya mfalme.

"Wasabato hawaamini ufufuko ndo maana hawana Pasaka"

Wanauamini sana, muulize yeyote, kwao kutokuweka sikukuu ni kwasababu hawaoni agizo la Biblia la kuadhimisha siku hiyo. Tusisingiziane.

"Jumatatu ya Pasaka ikiisha, Pasaka imeisha"

Hiyo ni kalenda ya serikali. Kwa kalenda ya kanisa Pasaka inaenda siku 50 mpaka Pentekoste, na mshumaa wa Pasaka uliowashwa kwenye mkesha unaendelea kuwaka kwenye ibada muda wote huo. Kwahiyo yule anayekutumia "Heri ya Pasaka" wiki tatu baadae wala hajachelewa, mjibu tu.