Unaponunua Nyumba ya Kupangisha, Usinunue Ukuta

Malalamiko ya mipaka tunayopokea ofisi ya ardhi hapa Tanzania yanazidi kutoka kwa mnunuzi wa aina moja: mtu aliyeweka akiba yake kwenye nyumba ya wapangaji wanne au watano, akalipa, akaanza kupokea kodi, kisha jirani akatokea na ramani mkononi. Choo cha uani kimo kwenye kiwanja cha jirani. Fremu mbili za mbele, yaani vyumba vya biashara, zimo ndani ya hifadhi ya barabara. Aliyeuza hapokei simu. Wengi wa wanunuzi hawa walinunua kwa nia njema, na ndiyo maana tunaona ni bora tuyaseme haya kabla fedha haijatoka.

Dhana inayotusumbua kuliko zote ni kwamba ukuta ndio mpaka. Ukuta ni tofali zilizojengwa na mtu pale alipoona panamfaa. Mpaka wa kiwanja kilichopimwa ni mstari unaounganisha mawe ya mipaka, yaani bikoni, ambazo kila moja ina namba na vipimo vyake kwenye ramani ya upimaji iliyoidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Ukuta na mstari huo vinaweza kupishana kwa nusu mita, na vinaweza kupishana kwa upana wa chumba kizima. Ramani ndogo iliyoambatishwa kwenye hati nayo haitoshi: inaonyesha umbo la kiwanja, namba yake, kitalu na ukubwa, lakini haikuonyeshi nyumba imekaa wapi ndani yake.

Kinachotakiwa ni kufufua mipaka. Unamtafuta mpima ardhi aliyesajiliwa, au unaandika maombi halmashauri, ukitaja namba ya kiwanja na kitalu. Mpima anachukua vipimo kutoka kwenye ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, anakwenda uwanjani na vifaa vyake, anatafuta kila jiwe, na lililopotea analirudisha mahali pake. Majirani wote wa pande zote waitwe, na kiongozi wa serikali ya mtaa awepo. Baada ya hapo mwombe akuchoree mchoro unaoonyesha jengo, ukuta, choo na shimo la maji taka kwa kulinganisha na mpaka, ausaini. Dalali si mpima. Fundi mwenye futi si mpima. Ramani ya kwenye simu inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na mita kadhaa ndiyo upana wa chumba unachotaka kupangisha. Ukikuta jiwe limekaa pabaya kwa maoni yako, usiliguse. Kung'oa au kusogeza jiwe la mpaka ni kosa la jinai, hata kama unaamini uko sahihi.

Ikibainika jengo limeingia kwa jirani, mwachie muuzaji alimalize kwanza. Jirani akikubali kukiuza kipande hicho, ramani za viwanja vyote viwili lazima zirekebishwe na hati zifuate. Wapo wanaoridhika na neno la jirani kwamba "hamna shida". Jirani huyo akifariki au akiuza, neno lake halimfungi mrithi wala mnunuzi mpya. Wengine hutuambia kwamba miaka 12 ikipita kipande kinakuwa chao. Sheria ya Ukomo inaweka kweli miaka 12 kwa madai ya kurudisha ardhi, lakini aliyekaa kwa ruhusa ya mwenye ardhi hawezi kuigeuza ruhusa hiyo kuwa umiliki. Tafadhali msijenge mipango ya uwekezaji juu ya hesabu hiyo.

Mpaka mwingine unaosahaulika ni ule wa umma. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake zinaweka hifadhi ya mita 30 kutoka katikati ya barabara kuu na za mikoa, kila upande. Lakini zipo sehemu zenye hifadhi pana zaidi: waliobomolewa kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, mwaka 2017, walikutana na hifadhi ya zaidi ya mita 120 kila upande. Kwa hiyo ulizeni TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa) au TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) kwa barabara husika. Kwa nyumba zilizo karibu na bahari, ziwa au kingo za mto, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Nyumba inaweza kuwa na wapangaji na mita za LUKU, yaani za umeme wa kulipia kabla, na bado ikawa ndani ya eneo hilo. Kuunganishiwa umeme si uthibitisho wa mpaka.

Upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati utakuonyesha jina la mmiliki, rehani ya benki na zuio kama lipo. Hautakuonyesha ukuta, wala mgogoro wa mirathi ambao haujasajiliwa. Kama muuzaji ni mrithi, dai barua ya usimamizi wa mirathi. Kama ana mwenza, dai ridhaa ya mwenza kwa maandishi.

Mhuri wa serikali ya mtaa haubadilishi umiliki. Mwenyekiti anaweza kushuhudia kwamba anawafahamu wauzaji. Hasajili ardhi, na hakuna sheria ya ardhi inayomtaka mnunuzi amlipe asilimia 10 ya bei. Kwa kiwanja chenye hati, uhamisho hupitia Fomu ya Ardhi Na. 29 ya taarifa ya uhamisho, Na. 30 ya maombi ya kibali, na Na. 35 ya uhamisho wenyewe, pamoja na ripoti ya uthamini na risiti za kodi ya pango la ardhi. Muuzaji mkazi wa Tanzania analipa Mamlaka ya Mapato (TRA) asilimia 10 ya faida aliyoipata, na kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1. Kisha nyaraka zinakwenda kwa Msajili. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, uhamisho ambao haujasajiliwa haukupi umiliki wa ardhi iliyosajiliwa. Unabaki mkataba kati yako na muuzaji tu. Muuzaji asiye mwaminifu akiuza tena kwa mwingine, wewe utakuwa na mkataba, na mnunuzi huyo mwingine atakuwa na hati.

Kabla ya kusaini, ongea na wapangaji mmoja mmoja. Aliyemlipa muuzaji kodi ya miezi sita au mwaka ana haki ya kumaliza muda wake, na wewe huwezi kumdai tena. Andikeni kwenye mkataba wa mauzo kila chumba kimelipiwa hadi lini, na kiasi kilichobaki kipunguzwe kwenye bei. Fremu ikipangishwa na kampuni, kampuni hiyo inatakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 10 na kuipeleka TRA, kwa hiyo hesabu mapato yako baada ya makato hayo.

Mgogoro ukitokea, tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana, kesi ya nyumba yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300 inaweza kufunguliwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu.

Jambo la mwisho ni kodi ya majengo inayokatwa kupitia LUKU, ambayo tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila ghorofa. Nyumba ya kupangisha yenye mita nne inaweza kukatwa mara nne, na wapangaji ndio wanaoumia. Peleka namba za mita zote kwa wanaosimamia kodi hiyo siku unapokabidhiwa nyumba, ili jengo libaki likikatwa kwenye mita moja.