Je, wajua kwa nini sarafu za dhahabu zilizofuliwa na watu binafsi Marekani ni adimu?

Ukibahatika kushika sarafu ya dola tano ya Oregon ya mwaka 1849, omba na kioo cha kukuzia. Upande mmoja amechorwa biva, mnyama wa mtoni ambaye ngozi yake ilikuwa mali kubwa huko. Juu yake kuna herufi K.M.T.A.W.R.G.S., za majina ya wenye kampuni iliyoifua. Hiyo G ni kosa: ilipaswa kuwa C, ya Campbell. Chini yake pameandikwa T.O. badala ya O.T., kifupi cha Oregon Territory, yaani Eneo la Oregon, kwani halikuwa jimbo bado. Sarafu yenyewe haina mkono wa serikali hata kidogo.

Ilikuwaje ikaruhusiwa? Katiba ya Marekani ilizikataza serikali za majimbo kufua sarafu, ila haikumgusa mtu binafsi. Mwanya huo haukuzibwa hadi mwaka 1864. Mapema kabisa, mwaka 1831, akina Bechtler, masonara wahamiaji kutoka Ujerumani, walikuwa wakifua sarafu North Carolina. Walitoa hata dola moja ya dhahabu, ambayo serikali yenyewe haikuitoa hadi 1849.

California ilipopata dhahabu Januari 1848, haja ikawa kubwa zaidi. Dhahabu ilikuwepo tele, pesa ya kununulia unga hakuna. Mteja alifungua kifuko chake, muuzaji akachota vumbi la dhahabu kwa vidole viwili. Mwenye vidole vinene akapata zaidi. Forodha ya San Francisco nayo ilitaka ushuru ulipwe kwa sarafu. Ndipo makampuni yakaanza kufua.

Kwa nini basi zimebaki chache? Mizani ndiyo iliyozimaliza, na ilizimaliza kwa njia mbili.

Za kwanza ni zilizopunjwa. Dola kumi ya Wamormoni wa Salt Lake, ya mwaka 1849, ilipopimwa ilikutwa pungufu kwa zaidi ya asilimia kumi. Mwaka 1851 zile za kampuni ya Baldwin & Co. ya San Francisco zilikutwa na upungufu wa asilimia tatu hivi, na hiyo ilitosha kuwavunja watu imani. Zikaishia kwenye chungu cha kuyeyushia.

Za pili, na hizi ndizo zinazonisikitisha, ni zilizozidi uaminifu. Biva wa Oregon alifuliwa kwa dhahabu kama ilivyotoka ardhini, bila kuchanganywa na shaba. Dhahabu iliyokuwa ndani yake ilizidi dola tano, hivyo aliyeiyeyusha alipata faida. Tena ilikuwa laini, ikachakaa haraka. Kiwanda cha serikali kilipofunguliwa San Francisco mwaka 1854, hata nyingi za zile zilizokuwa sawasawa zilipelekwa huko, zikatoka na chapa ya taifa.

Kwa hiyo wakusanyaji wa sarafu hizi hawadharau iliyochakaa kama wanavyofanya kwa sarafu nyingine. Biva nyingi zilizosalia zimelika, manyoya yamefutika, kingo zimegongwagongwa. Mimi ningeichagua hiyo kuliko inayong'aa: ilinunua vitu, ikapita mikononi mwa watu, na hakuna aliyeitupa motoni.